Kuku wa Kitambaa kwenye Meza ya Kidoti

Habari yenyewe ilimfikia Fundi ikiwa imekunjwa ndani ya sketi. Mwanamke anayefanya usafi katika ofisi ya akina Kidoti alileta sketi yake ya kazi ipunguzwe kiuno, na wakati anapimwa, mikono juu, akasema kama mtu anayezungumzia mvua kwamba siku hizi kuku amehamia kwa binti yako.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Kuku gani?"

"Yule mwekundu wa kitambaa. Anawekwa mezani kwa mtu aliyeharibu kazi. Mimi hufuta vumbi pembeni yake, na wiki hii nimemfutia pale pale kwa Kidoti, hajahama. Nilidhani unajua, mama."

Mwanamke akashusha mikono, akaaga, akaenda zake. Neno likabaki. Lilikaa ndani ya Fundi kama ncha ya sindano iliyokatikia kwenye godoro: huioni, lakini kila ukigeuka inakuchoma. Alishona kola mbili siku ile, zote mbili akazifumua.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye alimjua kuku yule. Alimshona mwenyewe kwa mikono yake. Twiga, binti wa mdogo wake, alimjia siku moja akiinamisha shingo yake ndefu mlangoni, akamwambia, mama mkubwa, nishonee kuku mwekundu, awe na kishungi, ila asiwe mzuri sana. Fundi akamshona kwa masalia ya pazia, akamwekea vifungo visivyofanana viwe macho, akidhani kuna mtoto mchanga wa kuchezea. Kumbe alikuwa anashona aibu ya mwanawe mwenyewe, tena bila malipo.

Hapo inafaa kusema jinsi walivyokuwa. Fundi na mdogo wake walilala kitanda kimoja mpaka walipoolewa, na wakazaa mabinti mwaka mmoja. Kwa mila za undugu, mtoto wa mdogo wako ni wako. Twiga alimwita Fundi mama mkubwa, na Fundi mbele za watu alisema "wanangu wawili". Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulikuwa na hesabu zake. Twiga aliota meno kwanza. Twiga alitembea kwanza. Hata surua ilipopita mtaani, Twiga aliugua kwanza akapona kwanza, na Kidoti, mwenye doa jeusi juu ya mdomo, akafuata nyuma akijikuna. Sasa wote wawili walifanya kazi ofisi moja, wakitengeneza programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Na nani aliingia kwanza? Twiga. Nani alimvuta mwenzake ndani? Twiga. Mdogo wake Fundi alipolitaja hilo alilitaja kwa furaha tupu, na ile furaha tupu ndiyo iliyomchosha Fundi kuliko majivuno.

Kidoti alishamweleza mama yake kazi zao zinavyokwenda. Pale ofisini kuna mtambo ambao wenyewe wanauita Bawabu, kwa sababu hakuna kinachoingia kwenye programu bila kupita kwake. Mtu akimaliza kipande chake cha kazi, hata kiwe kidogo kama kifungo, humpelekea Bawabu. Bawabu hukiunganisha na vipande vya wenzake, huijaribu programu nzima kwenye simu za kila aina, mpya kwa kuukuu. Ikikubali, skrini ya ukutani huwa ya kijani. Mwenzako akishaipitia kwa macho, Bawabu mwenyewe huipeleka mpaka kwenye simu za watu. Ikikataa, skrini huwa nyekundu na haipelekwi popote hadi irekebishwe. Fundi alielewa haraka. Naye humjaribisha mteja nguo kabla ya kukaza mshono. Ila habari ya kuku, Kidoti hakuitaja, na mtoto akikuficha kitu kimoja, unaanza kuona umefichwa na nyumba nzima.

Kesho yake Fundi alipata sababu ya kupita ofisini: mwavuli wa Kidoti, ingawa jua lilikuwa linapasua mawe. Akakuta watu wamekaa mbele ya kompyuta, skrini kubwa ukutani, na pale kwa Kidoti, juu ya kompyuta kabisa, kuku wake mwekundu ametulia kama anayeatamia. Twiga alinyanyuka, akainama, akamwamkia vizuri. Fundi akaitikia marahaba ambayo haikumtoka vizuri. Halafu, alipokuwa anarudi kwenye kiti chake, Twiga akampapasa kuku kichwani, na Kidoti akacheka. Wote wakacheka. Fundi hakusikia kicheko. Alisikia mwanawe anachekwa.

Jioni akamsubiri mezani.

"Mwanangu, ofisi nzima wewe ndiye wa kufugiwa kuku?"

Kidoti akacheka tena. "Mama, ule ni utani wa kazini."

"Utani wa kazini unafutwa vumbi na mfanya usafi, halafu unakuja kusimuliwa kwenye cherehani yangu."

Kidoti akajaribu kumweleza kwamba Bawabu hukataa kazi ya kila mtu, kwamba ndiyo maana yuko pale. Fundi hakutaka kusikia kuhusu kila mtu. Akamwambia kazi ambayo haijaiva asiipeleke popote. Akae nayo, aipike mpaka ikolee, aipeleke mara moja ipite. Na asimpe Twiga kuipitia, maana anayekusahihisha leo ndiye anayekusimulia kesho. Kidoti akasema sivyo inavyofanywa, vipande vidogo vya kila siku ndivyo vinavyoonyesha kasoro, kipande kikubwa kinazimeza. Fundi akanyanyua bega.

Lakini neno la mama si mvua ya kupita, ni bomba linalovuja. Kila jioni tone. Leo Twiga anasemaje? Kuku yuko kwa nani? Polepole Kidoti akaacha kupeleka vipande. Kuku akahamia kwa wengine, na Fundi akashona wiki zile kwa raha, mguu ukicheza kwenye cherehani. Hakuona, au hakupenda kuona, kwamba binti yake alikuwa ameacha kusimulia kabisa mambo ya ofisini.

Wakati huo huo kulikuwa na kijidonda kingine. Mama yao, ambaye wote sasa walimwita Bibi, aliishi peke yake mtaa wa pili, akiwa na presha ya miaka. Kila asubuhi mdogo wake Fundi alimpigia simu na kumuuliza swali moja, "Mama, umemeza?" na hakukata mpaka asikie mlio wa maji kwenye kikombe. Bibi alimsifu kwa kila aliyepita uani. Huyu mtoto wangu wa mwisho, alisema, hanisahau hata siku moja. Aliyasema hata mbele ya Fundi, ambaye ndiye aliyemfulia, akampelekea chakula na kumkata kucha. Ndivyo wazee walivyo: anayekuogesha humuoni, unamwona anayekupigia simu.

Fundi akachukua simu yake ya zamani, ile yenye ufa pembeni, akamwambia Kidoti aweke humo programu yao. Programu ile ilimruhusu mtu wa nyumbani kurekodi sauti yake, kwa hiyo kila asubuhi simu ilisema kwa sauti ya Kidoti: bibi, saa ya dawa imefika, meza bibi yangu. Bibi alifurahi, akaijibu simu kama mtu. Ndipo Fundi akamwambia mdogo wake asijisumbue tena kupiga, kazi ya Kidoti inatosha. Mkubwa akisema, mdogo husikia. Mdogo wake akasema sawa dada, akaacha.

Ikawa sauti ya asubuhi kwa Bibi ni ya mtoto wa Fundi. Fundi akahesabu hilo upande wake.

Siku ikafika Kidoti akarudi nyumbani na kusema kazi yake kubwa imetoka. Ilikuwa njia mpya ya kukumbusha isiyokula chaji ya simu, na alikuwa ameikalia muda mrefu. "Imepita, mama. Imeshaanza kuingia kwenye simu za watu." Fundi hakumwuliza kwa nini anasema hivyo huku anaangalia sakafu. Alinyakua simu, akampigia mdogo wake, akampa habari akiitandaza kama kitambaa cha harusi. Mdogo wake akashangilia, akasema hongera kwa mwanetu. Mwanetu. Hata hapo Fundi alihisi ameibiwa nusu.

Wiki ile ilikuwa ya sare za shule na Fundi hakupata nafasi ya kwenda mtaa wa pili; alimtuma jirani na chakula, na jirani alikiacha mlangoni. Alipokwenda mwenyewe alimkuta Bibi amekaa kwenye ngazi ya mlango, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, akiitazama kama kitu kigeni. Fundi akamwamkia. Jibu likatoka limelegea upande mmoja. Ndani, simu ilikuwa kwenye mfuko wake wa kitambaa, inawaka, ina chaji, ila kimya. Na vidonge vilikuwa vimekaa kwenye vyumba vyao vya plastiki, vya jana, vya juzi, vya siku za nyuma yake, vyote.

"Mama, mbona hukumeza?"

Bibi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mjukuu wangu hajaniita," akasema. "Nilikuwa nangoja aniite."

Hospitalini walisema presha imepanda sana, na kiharusi kimempiga upande wa kushoto. Kama si kufikishwa mapema angekuwa ameshaondoka. Familia ikakusanyika kwenye benchi la ukutani. Mdogo wake Fundi alilia bila sauti, kitambaa mdomoni. Twiga akaomba simu ya Bibi aitazame. Kabla hajaishika, Kidoti akamvuta mama yake mpaka kona ya korido, karibu na ndoo za usafi. Doa lake lilionekana jeusi zaidi kwa jinsi uso ulivyokuwa umepauka.

"Mama, ni kazi yangu."

Akamwambia yote kwa pumzi moja. Alipompelekea Bawabu lile furushi kubwa, lilikataliwa jambo moja tu: kwenye simu za zamani, skrini ikizimika, ukumbusho hautoi sauti. Skrini ya ukutani ikawa nyekundu. Akajaribu kurekebisha, ikakataa, akajaribu tena, na kazi ilikuwa kubwa mno hata yeye mwenyewe hakujua tena uzi upi umeshikana na upi. Akamwona kuku kwenye meza ya jirani. Akaisikia sauti ya mama yake. Akaandika mstari mmoja wa kumwamuru Bawabu aliruke jaribio la simu za zamani. Ikawa kijani. Badala ya kumpa Twiga aipitie, akampa bosi, na bosi akaona ni ndefu kama msahafu, akatazama ukuta, akaona kijani, akamwambia hongera, ikatoka.

"Sikujua Bibi ana simu ya aina hiyo," Kidoti alisema. "Hapana, nilijua. Niliiweka mimi mwenyewe. Sikukumbuka tu."

Msomaji atadhani mama aliposikia haya aliwaza habari za mama yake aliyelala chumba cha pili. Fundi mwenyewe angependa iwe hivyo. Lakini cha kwanza kilichompitia Fundi kilikuwa benchi lile kule: mdogo wake na Twiga wamekaa pamoja, na hili likitoka, watalijua wao kwanza. Akamshika Kidoti kifundo cha mkono.

"Usiseme mbele yao. Sema simu imekufa. Ni kuukuu, nani atabisha?"

Kidoti akautazama mkono wa mama yake, ule wenye alama za sindano.

"Mama, kuna bibi wengine wanangoja kuitwa."

Fundi hakuuachia. Kidoti ndiye aliyejitoa, taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anavyomfungua mtoto aliyeng'ang'ania gauni. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi, akasimama mbele ya Twiga na mama yake mdogo, akasema. Fundi kutoka kule kwenye ndoo hakuyasikia maneno. Aliona tu shingo ndefu ya Twiga ikiinama, kisha Twiga akisimama, akimshika Kidoti bega, na wote wawili wakitoka mbio kuelekea mlangoni.

Twiga hakumsimanga mtu. Walipofika ofisini, Kidoti akalirudisha lile jaribio lililorukwa, Bawabu akawa mwekundu kama inavyostahili, wakaifumua kazi, wakairudisha ile njia ya zamani iliyokuwa inalia vizuri, ikapita, ikatumwa. Lakini programu iliyoshafika mfukoni mwa mtu si sufuria iliyo jikoni kwako, useme unaiepua. Kuna simu ambazo hazina data. Kuna simu ambazo mwenyewe haziweki kwenye mtandao mpaka mjukuu aje. Maji yalikuwa yamemwagika. Ikabidi kliniki za wagonjwa hao na ofisi nzima wapige simu, mgonjwa mmoja mmoja, waseme kwa mdomo: umemeza? Kidoti alipiga mpaka sauti ikakauka. Wengi walikuwa salama. Wengine walikuwa wamekosa dawa kama Bibi, wakawahiwa. Fundi hakuwahi kuuliza kama kuna ambao hawakupokea.

Bibi alirudi nyumbani. Mdomo ulinyooka, mkono wa kushoto haukurudi. Siku ya kumrudisha, mdogo wake Fundi alimfunika mama yao miguu, akageuka, akasema bila hasira yoyote, "Dada, kuanzia kesho nitampigia mimi."

Fundi akajibu sawa. Hakuna kofi ambalo lingemwingia kama lile.

Kidoti hakufukuzwa. Bosi naye alikuwa na lake la kujibu, maana kupitisha kazi kwa kutazama ukuta hakutofautiani na kuiruka. Wakaweka sheria kwamba hakuna wa kumwambia Bawabu aruke kitu bila wawili kukubali, na kazi kubwa irudishwe kwa mwenyewe aikate vipande. Kidoti alirudi kupeleka vipande vidogo, kila siku, na kumpa Twiga avipitie.

Halafu jioni moja Twiga akainama tena mlangoni kwa Fundi, na mfuko mkononi. Akamtoa kuku. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia, pamba inachungulia.

"Mama mkubwa, umshikize. Amezunguka sana."

Fundi akaweka uzi kwenye sindano. Akashona kidogo. Kisha akauliza lile swali ambalo tangu siku ya sketi hakuwahi kumwuliza mtu aliyepaswa kulijibu: kuku huyu, hasa, amekaa kwa nani zaidi?

Twiga akacheka, akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. "Kwangu. Tangu uliponishonea, hakuna aliyenifikia. Nilikuomba asiwe mzuri sana kwa sababu nilijua mimi ndiye nitakayekaa naye. Asiyepewa kuku pale, mama mkubwa, tunamwuliza kama kweli yuko kazini."

Fundi akakata uzi kwa meno. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, aibu ya haki. Lakini chini ya ile aibu, pale pale, bila kukaribishwa, akahisi kale kancha ka sindano kakimchoma tena: hata kwa kuku, wa mdogo wake ndiye wa kwanza.

Akaguna, akacheka peke yake, na Twiga hakujua anacheka nini. Akamkabidhi kuku wake. Usiku haujaingia bado, akavaa viatu, akaenda mtaa wa pili kumkata Bibi kucha, za mkono wa kulia na za ule mwingine.

Basi mzazi mwenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usiulize habari za mwanao kwa anayefuta vumbi. Muulize mwanao, na akijibu, msikilize mpaka mwisho.

Usipime watoto wa ndugu kwa utepe mmoja.

Usimwambie mtoto afiche kazi mpaka iive. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Usiruke jaribio kwa sababu linakuaibisha. Linalokuaibisha ndani ya ofisi ni dogo kuliko litakalokuaibisha nje.

Ukiambiwa "imepita", usipige simu kutangaza kabla hujauliza imepitia wapi.

Usimwachishe ndugu yako wema wake kwa kuwa anasifiwa yeye.

Usimpe mgonjwa simu ukaondoka. Mpigie. Sikia maji kwenye kikombe.

Na mtu akienda kusema kweli, usimshike mkono.